Uji wa Siku Ile Ile

Kwetu Kianjai githeri ya mahindi na maharagwe hupikwa kwa sufuria kubwa, ikaliwa leo, ikapashwa moto kesho na kesho kutwa, na kila mtu husema ya kesho kutwa ndiyo tamu. Mimi pia nilisema hivyo, huku nikijikuna. Kwa miaka mingi uso uliniwaka, vipele vikanitoka shingoni, moyo ukanienda mbio hata nikiwa nimeketi kanisani. Niliombewa, na naamini jibu la maombi hayo lilikuwa daktari mmoja ambaye hakuniuliza naumwa wapi, bali nimekula nini na kilipikwa lini.

Alinieleza kwamba chakula kikikaa au kikichachuka, kitu kiitwacho histamini huongezeka ndani yake, na mwili wangu haukiondoi upesi kama miili ya wengine. Nile kilichopikwa siku ile ile, akasema, niache maziwa lala, nipunguze nyanya na parachichi. Akanipa vidonge vya vitamini C, tujaribu tuone, na kidonge cha mzio nikiweke mfukoni.

Mke wangu alicheka. "Kumbe wewe ni Mwisraeli wa jangwani," akasema. "Mana yako hailali mpaka asubuhi!"

Tangu hapo alinipikia kwa kisufuria changu, na ngozi ikatulia. Mungu asifiwe.

Basi kijana wetu akapata mchumba Kiritiri, kwa Wambeere, nasi tukashuka kuzungumza na wazazi wake. Nyumba ile ilikuwa na mila yake: kabla ya neno lolote, baba wa kijana hupewa kibuyu cha ucuru, yaani uji uliochachushwa. Akinywa, mazungumzo yanaanza na chakula kinaandaliwa. Akikirudisha, amemkataa binti. Nyanya wa binti, mama mwembamba mwenye sauti ya kuamuru, alikileta mwenyewe kwa mikono miwili.

"Wa wengine ni wa juzi, mkwe," akaniambia. "Wako nimeuweka tangu wiki iliyopita. Mgeni mkubwa hapewi uji mchanga."

Harufu ilinifikia kabla ya kibuyu. Kijana wangu alinikazia macho kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Nilimwomba Mungu anipe maneno, kisha nikasema kweli yote, vipele na moyo pamoja.

Mjomba wa binti akaguna. "Mmeru amekuja kuchukua msichana, na uji anauogopa!"

"Ndugu yangu," nikamjibu, "nikinywa huu mtazungumza mahari na mgonjwa, na mgonjwa hukubali chochote."

"Basi mwacheni anywe!" akapaza sauti, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Nyanya peke yake hakucheka. "Ungekuwa wa leo, ungekunywa?"

"Hadi tone la mwisho, mama."

Akaenda jikoni, na punde tukasikia jiwe la kusagia wimbi. Tulingoja. Nyama ya mbuzi aliyechinjwa asubuhi hiyo ilinukia uani, lakini hakuna aliyeweza kuigusa kabla ya kibuyu. Mjomba akalalamika kwamba Mmeru huyu atawaua kwa njaa. Nikaanzisha wimbo wa kanisani, wao wakaupokea kwa Kimbeere, sisi kwa Kimeru, na hata mjomba akaimba.

Kibuyu kilirudi kimesuguliwa, uji bado unatoa mvuke. Niliupuliza, nikanywa mpaka chini. Nyanya akakipindua mbele ya watu, hakikudondosha kitu.

"Uji wa mtoto wa kuachishwa ziwa," akasema, sasa akicheka, "lakini ameumaliza. Zungumzeni."

Siku mkazamwana alipohamia kwetu, nyanya yake alimfungia mzigoni jiwe dogo la kusagia. Asubuhi ya kwanza nilimsikia binti akisaga kabla sijamaliza sala. Mke wangu alinyanyua kisufuria changu kutoka msumarini, akamkabidhi.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Mwisraeli huyu sasa ni wako pia."