Mtu wa Tatu Kwenye Mtandao wa Mama

Fundi umeme mmoja watu walimbandika jina la Daftari, kwa sababu hafungi hata soketi bila kuiandika. Nyumba ya mama yake aliifanyia kazi siku mbili: balbu tisa, vihisi viwili vya kuonyesha mlango ukifunguliwa, na kijisanduku cha kuongoza vyote kando ya televisheni. Vifaa vile havikuhitaji waya baina yao. Vilipasiana ujumbe, balbu ya sebuleni ikiipa ya ukumbini, ya ukumbini ikiipa ya jikoni, na kwa njia hiyo habari za mlango wa nyuma zikafika kwenye simu.

"Na nani ataziona hizo habari?" mama aliuliza. Alikuwa mwalimu mstaafu, hakuwa na desturi ya kuuliza mara mbili.

"Mimi na dada tu. Ukianguka, tujue."

"Haya. Wewe umesema."

Wazo lilikuwa la dada yake mkubwa. Ndiye aliyefungua akaunti ya vifaa hivyo kwa simu yake, kisha akamwingiza Daftari.

Shida ilikuwa mazoea ya mama. Kila akitoka chumbani alizima taa ukutani. Balbu ikikosa umeme haipasi tena ujumbe, na kihisi cha mlango kinabaki kuongea peke yake. Mwezi wa pili tangu avifunge, Daftari alikuja na utepe wa kubandika juu ya swichi.

"Mama, si nilikuomba usizime hizi?"

"Taa zako zina maringo kuliko bibi harusi. Nilee taa na uzee huu?"

Alicheka, akabandika utepe, akaketi kupitia kumbukumbu za programu ajue mawasiliano hukatika saa ngapi. Akaona jambo jingine. Mlango wa nyuma ulifunguliwa kila Jumatano baada ya saa nne asubuhi, na Jumatano mama huwa kliniki mpaka saa saba. Akafungua orodha ya watumiaji. Walikuwa watatu. Wa tatu aliandikwa kwa namba ya simu tu, namba iliyoandikwa kwa rangi kwenye nusu ya kuta za mtaa ule. Dalali wa nyumba.

Alitoka nje uani, akampigia dada yake, sauti ya simu ikiwa juu.

"Dalali ilibidi ajue lini mama hayupo," dada alisema. "Wanunuzi hawapendi kukagua nyumba yenye mtu. Nikampa na ufunguo wangu. Ningekuambia, ungekubali?"

"Umenitumia, dada."

"Fundi ni wewe, mdogo wangu, ningemwita nani? Tungemwambia mama pamoja."

"Usinihesabu humo."

Akakata simu. Alipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni, na uso wake ulionyesha kwamba alikuwa pale muda mrefu.

"Wameingia mara ngapi?"

"Mlango umefunguliwa mara sita."

"Chumbani kwangu?"

"Chumbani hakuna kihisi, mama. Sijui."

Mama akavuta kiti, akakaa. Daftari alichomoa kijisanduku, akabandua vihisi, akafungua balbu moja baada ya nyingine. Mama alimtazama mpaka balbu ya tisa.

"Mama, mimi sikujua."

"Najua hukujua. Lakini niliyemuuliza ni wewe." Akanyoosha mkono. "Lete na ufunguo wako wa nyumba."

Kipete cha funguo kilikuwa kigumu. Alihangaika nacho kwa kucha, na mkono wa mama ulibaki umenyooshwa, ukisubiri.