Kufuli Lilikuwepo, Nyumba Haikuwa Yetu

Kosa ni langu, sizunguki. Niliyemwamini alinisaliti, ndiyo, na hasira zake ninazo mpaka leo. Lakini mlango nilimfungulia mimi!

Dada yangu Ndeshi alikuwa na nyumba ya wageni Machame, ya wapanda mlima. Mimi nilifanya kazi intaneti kafe pale Moshi mjini, nikamtengenezea tovuti. Wageni walijaza fomu humo, pamoja na namba za kadi zao za benki. Baadaye wakaanza kulalamika: ukurasa uko wazi, mtu anaweza kuzisoma namba njiani. Walitaka ukurasa salama, ule unaoficha maandishi na wenye alama ya kufuli.

Dada akaniuliza, "Mdogo wangu, utaweza?"

Nikasema nitaweza. Uongo! Sikujua hata pa kuanzia.

Krismasi ikafika, Wachagga wa mijini wakapanda nyumbani. Akaja Elibariki, mtoto wa baba mdogo, fundi wa kompyuta Dar. Tumekua naye, tumelala kitanda kimoja. Tukiwa tunageuza nyama ya mbuzi motoni nikamnong'oneza shida yangu, nikampa na neno la siri la tovuti. Ningemficha nini ndugu yangu?

Sikukuu zilipoisha akanifuata kafe. "Bro, kazi imeisha. Mtu akifungua ukurasa wa zamani, anapelekwa moja kwa moja kwenye ule wenye kufuli. Hata hashtuki."

Nikaangalia pembeni, chini kwenye kioo cha kompyuta. Kufuli la njano hilo! Sikuangalia kitu kingine. Nikapanda Machame kumwambia dada kwamba nimeifanya mwenyewe, kwa mikono yangu. Akanichinjia kuku, nikala!

Baada ya hapo wageni wakakauka. Nikamwambia dada avumilie, msimu mbaya. Akawaachisha kazi wapishi huku analia. Mpaka siku moja mzee wa Kizungu na mkewe wakashuka getini na mabegi yao, wanasema chumba wameshalipia kwenye tovuti yetu. Dada hakuwa na habari yao wala ya hela yao.

Nikakimbilia kafe, nikafungua tovuti. Kufuli lipo. Safari hii nikasoma na anwani ya juu. Jamani! Jina la kampuni nisiyoijua kabisa. Wageni wa dada walikuwa wanapelekwa kwa mtu mwingine, salama salimini, hakuna hata wa kuwachungulia njiani!

Nikamweleza dada kila kitu. Akampigia Elibariki pale pale, nasikia.

"Mimi, dada? Si alikwambia mwenyewe kaifanya kwa mikono yake?"

Dada akaniangalia. Ile sura sitaisahau.

Nyumba ya wageni imefungwa. Krismasi iliyopita nilimpelekea dada jani la isale, ambalo kwetu aliyekosa akilileta kuomba msamaha, kumkatalia ni vigumu mno. Hakunyoosha mkono.

"Kubali uliiba, nitalipokea. Kama bado unamsingizia Elibariki, rudi nalo."

Elibariki alikuwa uani kwa dada, anageuza mbuzi. Nikarudi nalo.

Wewe unayesoma, ukiona kufuli usishangilie, soma kwanza uko kwa nani. Na kazi uliyofanyiwa na mwenzio, sema ni ya mwenzio! Krismasi nyingine inakuja. Nikiri wizi usio wangu, au nibaki bila dada? Mpaka leo sijui.