Bendera Nyekundu ya Mzee wa Farasi

Mzee wetu wa mbio za vigari vya farasi amefariki dunia. Habari ilinikuta Ijumaa hapa Maskati, kikombe cha kahawa mkononi, na nakiri kwamba kabla ya kulia nilicheka, maana nilikumbuka vigari vyake vya kwanza. Alivichomelea katika karakana moja ya Rusayl, kwa mabomba na magurudumu ya baiskeli, na fundi wake Mkenya hakuchoka kumuuliza, "Mzee, una uhakika hii kitu itafungwa kwa farasi?" Sisi nasi tulimwona kapungukiwa. Sharti la mchezo wake ni kwamba farasi avute kigari kwa mwendo wa kuchapuka tu, hatua za upesi zisizofikia mbio. Akitimua mbio na asirudishwe kwenye mwendo huo, mwamuzi huinua bendera nyekundu, ametolewa. Nani angetazama hayo katika nchi inayopenda farasi watimue?

Siku ya shindano la kwanza aliwaalika wafugaji wa nchi jirani, waamue kama walete farasi wao. Ndoto yake yote ilikuwa mikononi mwao. Aliendesha mwenyewe, na mwamuzi alikuwa mkwewe, mume wa binti yake. Karibu na mwisho farasi wake akatimua. Akavuta hatamu, wapi! Umati ukainuka, mimi nikiwa wa kwanza kupiga kelele, "Mbio! Mbio!" Akavuka mstari mbele ya wote, na mkwe, bendera nyekundu mkononi, akainamisha macho. Nani kwetu atamwaibisha baba mkwe hadharani?

Mzee akashuka, akamfuata. "Heshima yako nnaijua, mwanangu, ipeleke nyumbani. Huyu kakimbia. Nipe hiyo bendera." Akaiinua mwenyewe. Tulinuna, lakini wageni walitazamana, na msimu uliofuata wakaja na farasi wao. Sharti sote tunalipenda linapombana jirani. Yeye alilipenda lilipombana yeye. Na ule msemo wetu wa haraka haraka hakuupenda kabisa. "Haraka ina baraka zake," akisema, "ila usitimue."

Tulimzika alasiri ya Ijumaa ile ile. Jeneza tulilibeba kwa kuchapuka, kama dini inavyotufundisha, lakini kila mtu alitaka kulishika, tukaanza kusukumana, na mara tukawa tunakimbia. Mkwewe, aliyekuwa mbele, akageuka. Safari hii hakuinamisha macho. Akainua mkono juu, machozi yakimtiririka.

"Msikimbie, jamani. Mwenyewe atatutoa."

Tukarudi kwenye mwendo.