Paa Nililolirudisha

Ko, ko, ko. Fundi wangu hugonga brashi mara tatu kwenye mdomo wa kopo kabla ya kuanza kibao chochote, na hadi leo nikisikia bati likigongwa popote, nageuka.

Kibanda chetu kiko Gongoni. Tunachora vibao vya maduka na saluni, na fremu tunatengeneza. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kichwani nilishafungua maonyesho yangu Dar, watu wamepanga foleni mpaka barabarani. Sheria ya kibanda ilikuwa moja: kibao kikija kimechakaa, kitoke kipya. Palipobanduka unajaza, palipofifia unakoleza. Huulizi.

Ndiyo maana bibi mmoja wa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, alipoleta picha iwekewe fremu na kioo, sikuuliza. Ilikuwa ya rangi ya mafuta, kwenye kipande cha hadibodi. Kanisa la zamani la matofali, kule Burundi walikotoka, limepigwa vitani: paa limeangukia ndani, moshi mweusi, ukuta mmoja umebaki wima. Aliichora marehemu kaka yake walipofika huku.

Niliionea huruma. Fundi alipokwenda kununua kioo, nikalirudishia kanisa kuta zake na paa jekundu. Moshi nikaufunika kwa buluu ya anga, vifusi kwa majani mabichi. Nilikuwa naimba kabisa.

Kesho yake asubuhi, kabla fundi hajaiona, bibi akaja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akaipokea picha, akaigeuzia kwenye mwanga. Kisha akauliza, "Hili ni kanisa la wapi?"

"La kwenu, bibi. Nimelijenga upya."

Fundi akashika kichwa. "We binti! Mimi msikiti wetu hapo siwezi kuuongezea hata dirisha bila kuwauliza wazee. Wewe umemaliza kanisa zima kwa siku moja, tena bila mchango!"

Bibi akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Wajukuu wangu wakiona hivi wataniuliza, sasa bibi, mlikimbia nini?" Akaweka kidole kwenye majani yangu, karibu na mlango. "Na mimi nilikuwa hapa. Nimebeba mkeka kichwani. Kaka alinichora."

Sikuwa nimemwona. Nilidhani ni doa.

Fundi akagusa paa kwa ncha ya kidole, likamchafua. "Bado bichi. Ikifika jioni limeshika, halitoki tena." Bibi akasema anakwenda sokoni, atarudi alasiri kabla gari la Ulyankulu halijaondoka. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Adhuhuri fundi akaenda kusali. Nikachukua mafuta ya taa na pamba, nikakaa chini na picha mapajani. Paa lilitoka kwanza, likanipaka wekundu mpaka kwenye viwiko. Rangi ya kaka yake ilikuwa imekauka miaka mingi, haikutikisika. Moshi ukarudi, kisha ule ukuta.

Majani niliyaacha mwisho kwa sababu niliogopa. Nikazungushia pamba kwenye njiti ya kibiriti, nikafuta taratibu karibu na mlango. Ukatokea mstari wa kahawia, mkeka, na chini yake kichwa kidogo kama punje ya mtama. Nikampuliza bibi nyuzi za pamba, nikatupa njiti.