Siku Nilipoaga Matangani Ahero

Hii aibu naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia pale Kondele imetiwa chumvi. Nilikwenda Ahero kumzika nyanyake Achieng, msichana ninayetaka kumwoa, na babake alikuwa bado hajaamua kama mimi ni mtu wa kupewa binti. Achieng alikuwa amenionya, "Kwetu matangani hatuagi. Ukimaliza kula, inuka uende kimya, kuaga ni kuita kifo kingine."

Sasa mimi (mtoto wa mjini, niliyefunzwa adabu kwa kiboko) nikaona nitaondokaje kama mwizi wa kuku, tena nilikuwa nimesoma kwa simu kwamba gudbai ilianza kama dua, Waingereza wa zamani wakiambiana Mungu awe nanyi, miaka ikapita, ndimi zikaikatakata mpaka Mungu mwenyewe akapotea humo ndani, na leo tunairusha tu tukipanda boda. Nikajiambia dua haiwezi kuua mtu. Nikamwendea babake, nikampa mkono, nikasema, "Gudbai, Mzee." Akaurudisha mkono wake kama aliyeshika sufuria ya moto. Badala ya kunyamaza nikaanza kumweleza habari ya dua, emsii, mwongoza shughuli, akadhani nataka kuomba, akaniletea maikrofoni, nami (kichwa changu hiki, jamani) nikalieleza hema zima historia ya neno, nikamalizia, "Kwa hivyo, wapendwa, gudbai nyote."

Mama mmoja akamfunika mtoto wake kwa leso. Halafu babu, mume wa marehemu, mgonjwa, aliyeketi mbele kabisa, akauliza, "Huyu kijana ananiaga mimi? Kwani naenda wapi?"

Achieng alikuwa analia.

Babake akaninyang'anya maikrofoni. "Keti. Umeaga, kwa hivyo huendi. Utakaa hapa mpaka nione babangu yuko salama."

Nikakaa. Niliosha masufuria, nikachota maji, na kila asubuhi kabla ya kunawa uso nilikimbia kuona kama babu anapumua. Naye ananiambia, "Bado niko, Gudbai."

Mpaka siku moja, katikati ya chai, babake Achieng akanitazama, kisha akatazama njia. Nikaweka kikombe chini, nikainuka, nikatembea mpaka barabarani bila neno, hata Achieng sikumpungia mkono. Nyuma yangu nikamsikia babake akisema, "Sasa huyo anaweza kuoa."

Tangu hapo hata simu naikata kimya, na mkiona nimetoweka hapa kabla soda haijaisha, msiniite.