Uvimbe Uliotolewa Shukrani Kanisani

Nilidhani ni mkanda wa tenga. Sisi wachuma chai tunabeba tenga mgongoni, mikanda yake inapita mabegani na kubana kifuani, na mtu akiumwa hapo wala hajiulizi. Kwa hiyo nilipogusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto, kidogo kama harage, nilisogeza mkanda nikaendelea kuchuma. Mkanda ulisogea, harage likabaki pale pale.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipopanda mpaka kwetu milimani, juu ya Mponde. Mitumba ilifika, na maduka ya dawa ya watu binafsi yakaota kila kona. Kwenye maduka hayo uliuziwa dawa bila mtu kukuuliza unaumwa nini. Mimi niliuziwa vidonge vya jipu, nikavimeza vyote kwa utiifu wa kijinga. Muuguzi wa zahanati ndiye wa kwanza kunigusa. Akaniambia niende hospitali kubwa, kule chini, ukishapita Mombo njia ya Moshi.

Aliyepinga ni mama mkwe. Alikuwa mjane, tukiishi naye, mwanamke mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Chuma kikigusa uvimbe, uvimbe unaamka," alisema. "Ukikubali kuchomwa, tutakuzika."

Akawataja wanawake waliochomwa wakafa. Hakusema kwamba walikwenda hospitali titi likiwa limeshapasuka lenyewe. Mume wangu akajifanya hasikii, kama kawaida yake mama yake akinguruma. Nilikasirika, nikamchukua dada yangu, tukashuka.

Hakuna aliyeniambia nitakutana na nini kule, ndiyo maana nayasema hapa. Kwanza nilifika na njaa. Majirani walisema anayekwenda kuguswa na kisu hali kitu, nami nikashinda na kulala bila kula, nikaingia kwa daktari natetemeka. Daktari alikuwa mwanamke, kijana kuliko mimi.

"Nani kakwambia usile, mama? Hatukulazi usingizi, tunatia ganzi tu."

Dada akatumwa chai na mandazi. Nilipokuwa nakunywa, daktari aliniuliza kama kuna dawa ninazomeza, hasa za kuzuia damu isigande. Nikasema aspirini tu, kwa ajili ya kichwa. Akasema hata hiyo ni lazima aijue, maana inaweza kumzidishia mtu kutoka damu.

Nililala chali, mkono wa kushoto chini ya kichwa. Akanipaka kitu cha utelezi, baridi kama maji ya mto wa kwetu asubuhi, akapitisha juu yake kifaa kidogo kilichounganishwa na kioo. Nyumbani hatukuwa na televisheni. Ya kwanza niliyoitazama kwa makini ni ile, na ndani yake nilikuwamo mimi. Titi lililonyonyesha watoto wanne lilikuwa mawingu ya kijivu, na katikati yake doa jeusi. Mpaka dakika ile nilikuwa bado natumaini ni mkanda.

Ganzi iliwasha kama pilipili kwa muda mfupi, kisha pakafa. Alichana ngozi kidogo tu, akaingiza sindano nene, nikaiona kwenye kioo ikilifuata lile doa.

"Utasikia mlio. Usitikisike."

Pa! Kama mtego wa panya. Niliruka moyoni, mwili nikauzuia. Maumivu hayakuwapo, ni kusukumwa tu. Alirudia mara kadhaa, kila mara akitoa kijipande chembamba kama tambi na kukitia kwenye kichupa chenye dawa. Kisha akanikandamiza kwa pamba mpaka damu ikakata, akafunga bandeji.

"Tayari, mama."

"Na uvimbe?"

"Upo."

Nilidhani ananitania. Safari yote ile, kuvuliwa nguo mbele ya watu, na uvimbe upo!

"Leo sikuutoa," alisema. "Nimechukua vipande tukaupime. Uvimbe mwingi wa namna hii si saratani, lakini kwa vidole na kwa kioo siwezi kuapa. Majibu ndiyo yatakayotuambia kama tuutoe au tuuache."

Nikamuuliza kama sindano itauamsha. Akasema haiamshi kitu. Nisibebe tenga siku mbili tatu, pakiwa na rangi ya zambarau nisihofu, ila pakivimba sana, pakitoa damu au nikipata homa, nirudi mara moja. Na hata nikijisikia mzima, nifuate majibu.

Hayo yote niliyaeleza nyumbani, neno kwa neno. Nilikuwa nawaeleza mawe. Kwetu mtu akirudi kutoka hospitali kubwa na bandeji, basi ametolewa uvimbe. Mama mkwe, yule yule wa kunizika, alinikumbatia akalia. Jumapili akanitanguliza kanisani na jogoo wake mwekundu na kabichi za shukrani. Mchungaji akatangaza kwamba Mungu ameniondolea uvimbe. Akina mama wakapiga vigelegele, na baada ya ibada jogoo akanadiwa pale nje kama sadaka nyingine zote. Nilisimama nimeduwaa, watu wananipa mikono, uvimbe uko ndani ya blauzi yangu.

Tulipofika nyumbani nilimwambia mama mkwe sitavumilia tena.

"Mama, uvimbe upo. Ninarudi kufuata majibu, hata kama mmeshamshukuru Mungu."

Nilitegemea kelele. Badala yake aliniingiza jikoni, akafunga mlango.

"Nionyeshe."

Sijui kwingine, lakini kwetu mke wa mtoto havui nguo mbele ya mama mkwe, wala mama mkwe mbele yake. Miaka yote ile hatukuwahi kuonana hata mabega. Nilifungua vifungo kwa aibu. Akabonyeza pembeni ya bandeji polepole, mpaka akalipata lile harage.

"Kweli upo," alisema. "Wamekuchoma, upo, na wewe u mzima."

Kisha akafungua kanga yake mwenyewe.

Niliona kabla ya kugusa, na kugusa nikakataa. Ngozi ilikuwa imevutwa ndani, chuchu imezama. Akaushika mkono wangu akauweka pale kwa nguvu, juu ya kitu kigumu kama jiwe la kusagia.

"Huu una umri wa mtoto wako wa mwisho," alisema. "Nilikuwa nangoja nione kama wewe utarudi."

Nilikaa chini penye majivu. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa ameshaanza shule.

Tulikwenda pamoja kuchukua majibu. Yangu hayakuwa saratani. Sikuweza hata kufurahi, kwa sababu yeye alikuwa ameshaitwa kitandani kuchomwa sindano. Majibu yake yalikuja baadaye: ni saratani, na imeshaingia kwapani. Alikaa nasi mpaka mvua za masika zilipokatika, tukamzika.

Lakini ninachokiota ni ile siku ya sindano yake. Alinishika mkono wakati wa ganzi na kufumba macho, na hakuyafumbua mpaka daktari alipomwambia wamemaliza.

"Bado," alisema mama mkwe. "Hujanichoma."

"Nimeshachoma, bibi. Vipande ndivyo hivi."

Alitazama kile kichupa, akamtazama daktari, akanitazama mimi.

"Ndiyo hii tu?" aliniuliza. "Mwanangu, ndiyo hii tu niliyoiogopa miaka yote?"

Daktari aliinama akaendelea kufunga bandeji, na mimi nikamfunika mabega kwa kanga yake.