Nani Aliyekataza Kugawanya kwa Sifuri

Mwaka ule nilikuwa nafundisha hisabati kidato cha pili katika shule moja ya sekondari pembeni ya Mpanda, upande wa Ilembo, pale nyumba zinapoanza kuachiana nafasi na mashamba ya mahindi. Siku moja tulikuwa tunarudia kugawanya. Nikaandika ubaoni kwamba namba yoyote ukiigawanya kwa sifuri, hakuna jibu. Nikapiga mstari chini yake, nikageuka kuendelea na lingine.

Msichana mmoja aliyekaa dirishani, mtoto wa wakulima wa Kasokola, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nani aliyekataza?"

"Amekataza nini?"

"Kugawanya kwa sifuri. Kujumlisha sifuri tunaruhusiwa, kutoa tunaruhusiwa, hata kuzidisha. Kugawanya tu ndiyo hapana. Nani aliyekataza?"

Darasa likacheka. Nikamjibu kwamba ni wanahisabati. Akauliza waliogopa nini. Nikamwambia akae chini aandike kama ilivyo ubaoni, mtihani hautamuuliza waliogopa nini. Akakaa. Nilimwona akifunga daftari bila kuandika.

Hakuwa amenikosea adabu. Nilimnyamazisha kwa sababu sikujua. Nilikuwa nimesoma hisabati mpaka chuo, na jambo lile nilipewa kama amri, nikaipokea, nikafaulu nayo. Sikuwahi kuuliza.

Wiki ileile kaka yangu alirudi kutoka porini akiwa mgonjwa.

Kaka alikuwa mrina asali. Baba yetu alipofariki, yeye ndiye aliyeacha shule ili mimi niendelee. Mizinga yake ilikuwa mbali, ng'ambo ya mto Ugalla, na alikuwa akikaa kambini wiki nyingi kabla ya kurudi na ndoo zake na nguo zinazonuka moshi. Alianza kuniita Mwalimu tangu nikiwa darasa la tano. Safari hiyo alikuja na homa, kichwa kinamgonga, na shingoni ana kidonda kilichovimba kwa wekundu.

"Ndorobo," alisema, amekaa jikoni kwangu. "Mwaka huu hao mbung'o wametula mpaka basi."

Nilimsikia. Nikamwekea chai, nikasema kesho twende zahanati.

Kule walimtoboa kidole, wakapima malaria. Kipimo kikaonyesha hana. Mhudumu akasema vipimo siku hizi havieleweki, dalili ni za malaria, tutibu malaria. Kaka akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Kipimo kinasema hamna, nyie mnasema ipo. Sasa nimwamini nani?"

"Waamini wao, kaka," nikamwambia. "Wamesoma."

Alimeza dawa zote. Homa ikashuka siku mbili, ikarudi. Tulirudi mara ya pili, kipimo kikasema hana, akapewa dawa za malaria. Mara ya tatu vivyo hivyo. Mara zote mimi ndiye niliyemhimiza amalize dozi. Alipogoma nilimgombeza mbele ya mkewe.

Mama alitaka kumpeleka kwa mganga. Nikakataa, tena kwa sauti.

"Mama, hospitali wana vipimo. Mganga ana nini?"

"Mganga angalau anamsikiliza," mama akasema.

Kufikia mwezi wa pili wa ugonjwa kaka alikuwa analala mchana. Alikuwa anasinzia na tonge mkononi, mate yakimtoka. Alikuwa anakaa juani na koti zito, anatetemeka. Mtu ambaye sikuwahi kusikia akimpandishia mkewe sauti, siku moja alimpiga kibao kwa sababu ya maji ya kunawa. Wifi alikuja kwangu na shavu limevimba, akakaa kwenye ngazi, akasema, "Wifi, yule siyo mume wangu. Kuna mtu mwingine ndani yake." Nilipokwenda kumwona, kaka aliniamkia shikamoo. Alidhani mimi ni mama.

Ndipo nikampeleka hospitali mjini. Pale maabara tulimkuta mtaalamu mmoja mtu mzima, mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kabla ya kumchoma kaka aliuliza anafanya kazi gani na wapi. Nikamwambia anarina asali ng'ambo ya Ugalla. Akaweka sindano chini.

"Kuna mtu alimuuliza hilo huko mlikotoka?"

"Hapana, dokta."

"Mimi siyo daktari, dada." Akachukua damu, akaipaka kwenye kioo, akainamia hadubini. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akanisogezea kiti nitazame. Nikaona vidoa vya mviringo vimetulia, na katikati yao kitu chembamba kinajinyonganyonga, kikivisukuma vingine kama samaki aliyenasa kwenye tope.

"Malale," alisema. "Ndorobo ndiye anayeleta."

Nikamuuliza ilikuwaje wenzake wasione. Akajibu bila kumtetea wala kumlaumu mtu. "Kile kipimo cha kidole ni cha malaria peke yake. Kilisema hana malaria, na kilisema kweli. Aliyeongeza mengine ni binadamu."

Walimtoboa mgongo, wakatoa maji ya uti wa mgongo, wakakuta ugonjwa umeshafika kichwani. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, alituita mimi na mama kwenye chumba chake. Alieleza kwamba dawa iliyopo kwa hatua hiyo ni kali, ina sumu ndani yake, na wapo wagonjwa wanaouawa na dawa yenyewe. Alitaka tuelewe kabla ya kuweka sahihi.

"Atapona?" mama akauliza.

"Sijui, mama."

"Kama hujui, kwa nini tukuachie mtoto wetu?"

Daktari akasogeza fomu mezani. "Kwa sababu tusipompa kitu, hapo najua."

Niliweka sahihi mimi. Mama alikataa kushika kalamu.

Siku ya tatu ya dawa kaka alifumbua macho, akaniita Mwalimu, akauliza kama kuna mtu aliyeangalia mizinga. Wifi alitoka nje akalia kwa furaha, na mimi nikamfuata. Siku ya tano, mchana, watu wakiwa wanaleta vyakula wodini, alianza degedege. Walihangaika naye. Nilisimama ukutani nimeshika bakuli la uji ambalo hakuna aliyekumbuka kunipokea. Ilipofika saa kumi walimfunika.

Msibani mama hakuzungumza nami siku mbili. Siku ya tatu, wanawake wakiwa wamekaa kwenye mikeka, alinigeukia.

"Dawa yako imemuua."

Akajifunga kanga upya, akaendelea.

"Ulinikataza nisimpeleke kwingine. Ulisema wana vipimo. Mwanangu ameliwa na vipimo vyako."

Wakubwa wakamwomba anyamaze. Sikutaka anyamaze. Nilijua mganga asingemponya. Lakini nilijua pia kwamba kwa miezi miwili nilikuwa nimembana kaka yangu kwa jina la sayansi, na nilichomlazimisha hakikuwa sayansi, kilikuwa utii. Kipimo kilisema hamna mara tatu. Mtu mwenye koti jeupe akasema ipo, mimi nikafuata koti. Swali aliloniuliza pale zahanati lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa katika ugonjwa ule, nami nilimjibu kama nilivyomjibu yule binti darasani. Na ndorobo alinitajia mwenyewe, jikoni kwangu, nikaendelea kumimina chai.

Nilirudi kazini baada ya wiki mbili. Nilikuwa nimekaa siku kadhaa na karatasi, nikitafuta mwenyewe kile ambacho sikuwahi kutafuta. Niliingia darasani, nikafuta ubao wote, nikawaambia tunarudi kwenye sifuri.

Niliwaambia wafikirie ndoo ya lita sita za asali. Ukijaza chupa za lita mbili, unapata chupa tatu. Ukijaza za lita moja, unapata sita. Za nusu lita, kumi na mbili. Chupa zikizidi kuwa ndogo, idadi inazidi kupanda. Sasa chukua chupa isiyoingia kitu, chupa ya lita sifuri. Utajaza ngapi ndoo iishe?

"Haiishi," mmoja akasema.

"Basi tuseme ni nyingi zisizo na mwisho," mwingine akasema.

"Hata hizo," nikamwambia, "jumlisha kilichomo ndani yake."

Wakafikiri. Hakuna kilichomo. Ndoo bado imejaa.

Nikaandika kwamba sita gawanya kwa mbili ni tatu kwa sababu tatu mara mbili ni sita. Jibu la kugawanya lazima lirudi nyuma kwa kuzidisha. Basi nitajieni namba ambayo mara sifuri inaleta sita. Walijaribu moja, mia, milioni. Yule binti wa dirishani hakujaribu namba yoyote. Alisema, "Na sifuri gawanya kwa sifuri?"

Nikamwita ubaoni ajaribu. Akaandika tano: tano mara sifuri ni sifuri, inakubali. Akaandika tisa, ikakubali. Akasimama na chaki. "Kila moja inakubali."

"Swali linalokubali kila jibu halikuambii kitu," nikamwambia.

Kisha nikawaonyesha hatari yenyewe. Moja mara sifuri ni sawa na mbili mara sifuri, maana zote ni sifuri. Tukijiruhusu kugawanya pande zote mbili kwa sifuri, sifuri zinaondoka, inabaki moja ni sawa na mbili. Na moja ikishakuwa mbili, hakuna hesabu yoyote duniani unayoweza kuiamini tena, si ya fundi, si ya mfamasia anayepima dozi.

"Kwa hiyo hakuna aliyekataza," binti alisema.

"Hakuna. Wanahisabati walitafuta jibu wakakuta halipo, wakaona heri kusema halipo kuliko kubandika lolote."

"Mbona siku ile hukutuambia hivyo?"

"Sikujua. Nilikuwa natakiwa kusema sijui."

Hakuna aliyecheka. Alirudi kwenye kiti chake akaandika, na nilipopita kati ya madawati sikutazama ameandika nini, maana macho yangu hayakuwa sawa.

Watu wameniuliza, wakijua yaliyonipata, kama bado naamini sayansi. Siwezi kuwajibu kwa neno moja. Namwamini yule wa maabara aliyeuliza kwanza mgonjwa anatoka wapi, kisha akatazama mpaka akaona, na akanisogezea kiti nione kwa macho yangu. Namwamini daktari aliyesema sijui mbele ya mama mwenye uchungu, jambo ambalo lingeweza kumletea matusi. Koti jeupe peke yake siliamini tena. Mama hakubali hata hayo. Akiugua anakaa ndani mpaka ashindwe kusimama, na nikimwambia twende, ananitazama tu.

Kabla ya mvua kuanza, yule mtaalamu na wenzake wawili walikwenda kwenye kambi za warina asali, nami nilifuatana nao kwa sababu watu walimjua kaka yangu. Niliwaeleza jinsi alivyokufa, pamoja na yaliyoniaibisha. Wengine walitoa vidole. Wengine walisema hospitali ndiyo iliyomuua, wakaingia porini mpaka tukaondoka, na sikuwa na la kuwalazimisha.

Alipatikana mmoja, kijana mwenye watoto wawili, aliyekuwa na homa ya siku chache tu. Kioo kilionyesha wadudu walewale. Kwake walikuwa bado kwenye damu, kichwani hawajafika. Alipelekwa mjini, akachomwa sindano kwa wiki kadhaa, akarudi kwenye mizinga yake. Nilikutana naye sokoni mwaka uliofuata, mzima kabisa, amebeba nta. Nikamuuliza hali.

"Mimi sikuwa na malale, dada," aliniambia. "Malale si yanaua? Mimi nilikuwa na homa tu, na ikapona."

Nikamwomba akiumwa tena asichelewe kupima. Akasema ataona, akatweka mzigo wake begani, akaenda zake.